Saa ya gari la Japani na saa ya shangazi

BINAMU yangu anayeishi Tudor, kisiwani Mombasa, alinunua gari kuukuu miongoni mwa mengi yanayoshushwa katika bandari yetu kutoka Japani. Gari lilikuwa zuri, ila lilikuwa na kioja kimoja. Saa yake ya dashibodi ilikataa katakata kurekebishwa. Ukiiweka sawa na simu yako, ukazima gari na kuliwasha tena, inarudi palepale ilipokuwa. Simu zetu zikionyesha 7:00 asubuhi, gari linaonyesha 1:00. Zikionyesha 10:00, gari linaonyesha 4:00.

Sisi wasomi tuliiona saa hiyo kuwa mbovu. Shangazi yangu, mwenye miaka zaidi ya themanini, hakuiona hivyo. Siku ya kwanza alipoketi kiti cha mbele aliitazama saa, akachungulia jua nje ya dirisha, kisha akatangaza: "Gari hili lajua saa. Ninyi ndio hamjui."

Na kusema kweli, shangazi hakukosea. Japani iko saa 9 mbele ya saa ya kimataifa inayohesabiwa kuanzia Greenwich. Kenya, Tanzania na Uganda ziko saa 3 mbele. Tofauti yetu na Wajapani ni saa 6 kamili. Sasa kumbuka kwamba tofauti kati ya saa za Kizungu na saa za Kiswahili ni saa 6 vilevile. Kwa hiyo saa ya Tokyo, ikiandikwa kwa mzunguko wa saa 12, inalingana dakika kwa dakika na saa ya Kiswahili. Sisi tunapoamkiana saa moja asubuhi, kule ni saa ya kwanza baada ya adhuhuri yao, na tarakimu ni ileile moja. Gari lilikuwa linasema Kiswahili bila kujua.

Mbona basi lilikataa kurekebishwa? Hapa hatuna budi kueleza kidogo namna saa za kisasa zinavyojiweka sawa. Saa ya kawaida ya betri hutegemea kipande cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Ni hesabu nzuri, lakini haikosi kukimbia au kuchelewa kidogo kidogo, na baada ya miezi kadhaa utaona dakika nzima imepotea. Ndipo wahandisi walipobuni saa inayosikiliza nyingine iliyo sahihi zaidi.

Ujerumani, kwa mfano, ina mtambo wa redio katika kijiji cha Mainflingen, karibu na Frankfurt. Mtambo huo hutangaza kwa mawimbi marefu, kilohezi 77.5, na kila sekunde hutoa ishara moja. Ishara za dakika nzima zikiunganishwa hueleza dakika, saa, siku, mwezi na mwaka. Chanzo chake ni saa za atomu. Uingereza ina mtambo wake Anthorn, Marekani ina wake Fort Collins katika jimbo la Colorado, nayo Japani ina miwili, mmoja Fukushima na mwingine katika kisiwa cha Kyushu. Saa ya mezani, ya mkononi au ya gari iliyofungwa kipokezi hunasa ishara hizo na kujipanga. Ulaya inaposogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, mwenye gari la namna hiyo hahitaji kugusa kitu.

Lakini sauti ya mtambo wa Mainflingen hufika takriban kilomita 2,000 tu. Kutoka huko hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 6,000. Kutoka Fukushima ni zaidi ya 10,000. Saa ya aina hiyo ikiletwa kwetu itatega sikio usiku kucha isisikie chochote, kisha iendelee na kwatzi yake kama saa nyingine yoyote.

Gari la binamu yangu lilikuwa na njia nyingine. Skrini yake ya ramani hupokea wakati kutoka setilaiti za GPS, ambazo huzunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200 na kubeba saa za atomu. Setilaiti hizo husikika Tudor kama zinavyosikika Tokyo. Ila hazitangazi saa ya nchi yoyote. Hutoa wakati wa kimataifa, na ni juu ya chombo kinachopokea kuongeza saa za mahali kilipo. Chombo hiki kilitengenezwa kwa soko la Japani, kikafundishwa kuongeza 9. Kimevuka bahari bila kuambiwa kwamba kimehama, na kila gari likiwashwa kinaongeza 9 zilezile.

Mambo yalibadilika alipokuja likizo mwana wa binamu yangu, kijana aliyelelewa Nairobi na sasa anasoma Ujerumani. Alishangaa. "Ami, kule saa ya gari hujiweka yenyewe, na huwa sahihi," aliniambia. Alipekua menyu ya Kijapani kwa msaada wa simu yake hadi akapata mahali pa kubadilisha hesabu, akapunguza saa 6. Gari likaanza kusoma saa za Kizungu. Sote tukampongeza, isipokuwa shangazi.

Juma lililofuata shangazi alikuwa na miadi ya kliniki ya sukari, saa mbili asubuhi. Jioni ya kuamkia siku hiyo alimpigia mjukuu wake simu: "Kesho ndoo unitwae saa moja na nusu, unipeleke kliniki." Hakutaja asubuhi. Kwake lilikuwa jambo lisilohitaji kutajwa, kwani nani huenda kliniki usiku? Kijana naye aliingoja saa ya gari ionyeshe 1:30. Alipobisha hodi, adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa. Shangazi alikuwa ameketi barazani na buibui lake tangu asubuhi, hajatia kitu kinywani kwa kuwa alitakiwa kupimwa damu kabla ya kula. Kliniki ilikuwa imefungwa. Ilibidi angoje mwezi mwingine.

Kijana alilia. Lakini kosa halikuwa lake peke yake, wala halikuwa la saa. Saa ilikuwa sahihi kuliko zote nyumbani. Kilichokosekana ni makubaliano kuhusu hesabu inaanzia wapi.

Hesabu yetu ina mantiki yake. Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, na mwaka mzima wakati wa kuchomoza na kuchwa kwa jua haupishani kwa zaidi ya nusu saa hivi. Jua likichomoza, saa ya kwanza ya mchana inaanza. Likichwa, ya kwanza ya usiku inaanza. Waamhari wa Ethiopia na Waganda huhesabu namna hiyohiyo. Ndiyo maana pia Mswahili akisema "usiku wa kuamkia Ijumaa" anajua usiku huo umeshaanza jua lilipotua Alhamisi, ilhali gari lake litangoja saa sita za usiku ndipo libadilishe tarehe.

Leo vijana wengi wanatafsiri tarakimu bila kutafsiri hesabu. Utawasikia wakisema "saa tisa asubuhi" wakikusudia saa tatu. Msikilizaji makini atashtuka, kwa kuwa saa tisa na asubuhi hazikutani katika Kiswahili. Hatari kubwa zaidi ni pale neno la kipindi linapoachwa. "Saa mbili" pekee yake inaweza kumnyima mgonjwa dawa. Wasemaji wa zamani walikuwa na alfajiri, asubuhi, adhuhuri, alasiri, jioni na usiku, na maneno haya si mapambo.

Sasa tuiiteje saa hii ya kisasa? Wengi husema "saa inayojirekebisha". Kiambishi -ji- hapa kinatupotosha, kwa sababu saa haijirekebishi. Hurekebishwa na sauti itokayo mbali. Napendekeza "saa sikivu". Mtu msikivu ni yule anayetega sikio na kutii anachoambiwa, na saa hii ndivyo ilivyo, hata pale Mainflingen isiposikika. Kuhusu kitendo chenyewe, wazee wetu walituachia msemo "kutia saa majira". Majira ni wakati, ni msimu, na kwa manahodha ni mwelekeo wa chombo baharini. Sioni msemo unaofaa zaidi kwa saa iliyosafiri kutoka Japani.

Kwa wale wanaoandika kadi za miadi, tangazo la maziko au mwaliko wa harusi, ombi langu ni dogo. Andikeni hesabu zote mbili na kipindi chake: saa mbili asubuhi (8:00). Ni maneno machache, wino kidogo.

Mwezi uliofuata shangazi alifika kliniki kwa wakati. Kabla ya hapo, kijana alikuwa ameirudia menyu ya Kijapani na kuzirejesha zile saa 6. Binamu yangu alipomuuliza kwa nini anaiharibu saa aliyoitengeneza, alimjibu: "Baba, hili ni gari la bibi. Sisi tuna simu."