Kisanduku cha Umeme Kinachotuliza Nyayo Zinazowaka

TENS ni mashine ndogo ya betri, ya kutosha mfukoni, yenye nyaya zinazoishia kwenye vibandiko vinavyonata. Vikishabandikwa kwenye ngozi, hupitisha mapigo mafupi ya umeme, nayo ngozi husisimka kama inayotambaliwa na sisimizi. Hutumiwa kutuliza maumivu mengi, yakiwemo ya mishipa ya fahamu iliyoharibika miguuni na mikononi. Mara nyingi chanzo ni kisukari. Ukoma, pombe ya miaka mingi na baadhi ya dawa za saratani nazo huiharibu. Dalili huanzia vidoleni: ganzi, kuchomachoma, nyayo kuwaka moto, na usiku ndipo huzidi.

Umeme ulitangulia mashine. Katika karne ya kwanza, tabibu Mrumi Scribonius Largus aliagiza mgonjwa wa jongo akanyage samaki hai wa jamii ya taa, yule mwenye umeme, mpaka mguu ufe ganzi. Maelezo ya kisayansi yalikuja mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walipotoa nadharia ya lango. Nyuzi nyembamba za neva hubeba maumivu, nyuzi nene hubeba mguso, na zote huingia uti wa mgongo. Zile nene zikichangamka, huzibia nyembamba njia. Ndiyo maana aliyejigonga husugua palipoumia. Mwaka 1967 Wall na William Sweet waliwapa wagonjwa wanane mapigo 100 kwa sekunde. Wanne, wenye maradhi ya mishipa ya pembeni, walipata nafuu ya zaidi ya nusu saa kwa dakika mbili tu za umeme.

Hapo ndipo penye mtego. Mashine hutegemea nyuzi nene zilizo hai, na ugonjwa wenyewe huziua. Palipokufa ganzi kabisa umeme hauna cha kuchangamsha, tena unaweza kuunguza ngozi bila mgonjwa kujua. Kwa hiyo vibandiko huwekwa penye hisia. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asitumie TENS bila idhini ya daktari.

Isitoshe, TENS hutuliza tu, haiponyi neva, na ushahidi wake kwa maumivu ya aina hii bado ni dhaifu. Kwa wagonjwa wa kisukari wenye maumivu haya waliokosa nafuu kwa dawa, Marekani iliidhinisha mwaka 2021 kifaa kinachopandikizwa chini ya ngozi, chenye nyaya zinazofika karibu na uti wa mgongo. Hicho hupiga mara 10,000 kwa sekunde, na mgonjwa hasikii msisimko wowote.