Sura ya 6: Kufunga Kamera Penye Ukungu na Radi

Kabla ya kujadili kamera ipi inunuliwe, fundi mzuri humuuliza mwenye mali swali moja: siku jambo likitokea, unataka picha ikuambie nini? Chukua ghala la viazi huko Mudende, sekta ya wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, iliyo kwenye miinuko ya juu ya mji wa Gisenyi, ambako viazi na maziwa huingizia watu wengi riziki. Mwenye ghala huenda anataka kujua tu kama lori liliingia usiku. Huenda anataka kujua ni yupi kati ya vibarua wake aliyebeba gunia la mwisho. Au anataka sura ya mtu asiyemjua kabisa, sura ambayo wapelelezi wa Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda (RIB) wanaweza kuifanyia kazi.

Hayo ni mahitaji matatu tofauti, na kila moja lina kipimo chake. Kiwango cha kimataifa cha mifumo ya kamera za ulinzi, IEC 62676, hupima kwa idadi ya pikseli katika kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Pikseli 25 kwa mita zinatosha kugundua kwamba pana mtu. Ili umtambue mtu unayemfahamu, unahitaji 125. Ili picha imtambulishe mtu usiyemjua, unahitaji 250. Sasa piga hesabu: kamera ya kawaida ina pikseli 1920 kwa upana. Gawanya kwa 250, unapata mita 7.7 hivi. Lenzi ya milimita 2.8, ambayo wengi huipenda kwa sababu inaona uwanja mzima, hufikia upana huo ikiwa mbali mita 3 tu. Mwizi akisimama mita 10 kutoka ukutani, kamera hiyo itakuonyesha mtu, koti na mwendo, lakini sura haitakuwepo, na hakuna mtaalamu wa kompyuta atakayeirudisha. Lenzi ya milimita 6 huona eneo jembamba zaidi, lakini hukupa sura hadi karibu mita 8.

Ndiyo maana mimi husisitiza, hata pale mteja anapong'ang'ania kuona kila pembe: weka kwanza kamera moja yenye lenzi nyembamba ikitazama mlango ambao kila mtu lazima aupitie, kwenye kimo cha mita 2.5 hivi. Nyingine zifuate kadiri fedha zinavyoruhusu. Kamera nne zilizopachikwa juu kabisa chini ya kenchi za paa hurekodi kofia.

Baada ya lenzi, hali ya mahali ndiyo inayoamua. Mudende iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwenye upande wa volkeno za Karisimbi na Nyiragongo. Usiku huwa baridi, na ukungu hushuka mara kwa mara. Kamera nyingi za nje zimezungushiwa taa ndogo za infraredi kando ya lenzi ili zione gizani. Penye hewa kavu taa hizo hufanya kazi vizuri. Penye ukungu, mwanga wake hugonga matone ya maji yaliyo mbele tu ya lenzi na kurudi moja kwa moja machoni mwa kamera, kama dereva anayewasha taa kali ndani ya ukungu wa milimani akajikuta anatazama ukuta mweupe. Picha inakuwa nyeupe tupu, na mwenye ghala anadhani kamera imeharibika.

Dawa yake ni rahisi, ingawa maduka hayaitangazi. Zima taa za ndani ya kamera kwenye mipangilio, kisha weka mwanga mahali pengine: taa ya LED ya kawaida juu ya mlango, au taa ya infraredi inayojitegemea, mita 2 au zaidi kando ya kamera na ikiangaza kwa pembe. Mwanga ukitoka ubavuni, sehemu kubwa ya kile kinachorudishwa na ukungu haiingii katika lenzi. Kuna faida nyingine. Taa iliyo kando ya lenzi huvuta wadudu, wadudu huvuta buibui, na utando wa buibui unaometameta mbele ya lenzi huifanya kamera ipige kengele ya mwendo usiku kucha. Penye taa ya kawaida rangi pia hubaki kwenye picha, na kwa shahidi, koti jekundu ni habari kubwa.

Unyevu nao una njia zake. Alama ya IP66 kwenye boksi inamaanisha vumbi haliingii na maji yanayorushwa kwa nguvu hayaingii. Haikulindi na fundi anayeacha kiungo cha kebo kikining'inia nje. Kiungo lazima kiwe ndani ya kisanduku kilichofungwa, na kebo ipindwe chini kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondoke kutoka kwenye kipindo hicho badala ya kufuata waya hadi ndani.

Sasa tufike kwenye radi, jambo ambalo miongozo ya kiwandani huligusa kwa mstari mmoja, na ambalo katika eneo hili ndilo linaloua vifaa vingi. Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha orodha ya sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani, kutokana na vipimo vya setilaiti vya miaka 16. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza. La pili duniani, na la kwanza Afrika, lilikuwa eneo la karibu na Kabare, mashariki mwa Kongo, lenye mimweko zaidi ya 200 kwa kilomita moja ya mraba kila mwaka. Sake, mji mdogo ulio magharibi mwa Goma, ulikuwa wa tatu Afrika, kwa mimweko 143 hivi. Mudende iko ng'ambo ya mpaka tu. Rwanda yenyewe haijasahau Machi 2018, radi ilipowaua waumini 16 kanisani wilayani Nyaruguru.

Watu hudhani radi lazima iipige kamera yenyewe. Mara nyingi haihitaji. Radi ikipiga mti au nguzo jirani, umeme unapotawanyika ardhini huipa sehemu moja ya ardhi volti nyingi kuliko sehemu nyingine, kwa muda mfupi mno. Kama umevuta kebo ya shaba kutoka ofisini hadi nguzo ya getini, mita 60 kando, umeziunganisha sehemu hizo mbili kwa waya. Umeme utapita humo. Tundu la mtandao la kamera, au la swichi inayoziunganisha kebo za mtandao, limeundwa kustahimili takriban volti 1500, na radi huleta zaidi ya hapo mara nyingi sana. Kamera inaungua, swichi inaungua, na wakati mwingine rekoda yenye ushahidi wote inaungua pamoja nazo.

Mafundi husema: funga vikinga radi kwenye ncha zote mbili. Ni kweli, lakini kikinga hakiumezi umeme, kinauelekeza ardhini. Bila waya mzuri wa ethi, ni kipande cha plastiki. Na hapa ardhi ya volkeno inaleta shida yake. Katika sehemu nyingi za mguu wa milima hii, ukichimba kidogo unakutana na mawe meusi ya lava, amakoro kama wenyeji wanavyoyaita. Fimbo ya shaba haizami, na mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri. Badala ya kupigana na jiwe, chimba mtaro mrefu upande wa shamba, penye udongo wenye unyevu, ulaze humo utepe au waya mnene wa shaba wa mita kadhaa, kisha upime kwa kipima ethi. Lenga omu 10 au pungufu. Ethi ya kamera, ya paa la mabati na ya umeme wa nyumba ziunganishwe pamoja, zisiachwe kila moja na yake.

Lakini ukiniuliza njia ninayoiamini kuliko zote baina ya majengo mawili, nitasema faiba. Nyuzi za kioo hubeba mwanga, hazibebi umeme, kwa hiyo radi haina daraja la kuvukia. Angalia tu kwamba faiba nyingi za kutundikwa nguzoni zina waya wa chuma wa kuzipa nguvu. Chagua isiyo na chuma, la sivyo umeirudisha shaba kwa mlango wa nyuma. Kwa kuwa faiba haipeleki umeme, kamera ya getini itahitaji umeme wa hukohuko, na paneli ndogo ya sola yenye betri hutosha.

Ndani ya jengo moja, kebo ya kawaida ya mtandao haina mpinzani. Mwaka 2003 kilikubaliwa kiwango cha PoE, kinachoruhusu umeme na picha kupita katika kebo moja: wati 15.4 zinatoka kwenye swichi na karibu 13 zinafika kwenye kamera. Mwisho wa urefu ni mita 100. Adui wa mpango huu ni kebo bandia. Madukani zipo kebo za aluminiamu iliyopakwa shaba, na bei yake inavutia. Kwangua waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, iache. Itawasha kamera mchana, na usiku taa zikiwaka na mahitaji ya umeme kupanda, kamera itazima na kuwaka hadi asubuhi.

Vifaa hivi si vya zamani. Kamera ya kwanza ya mtandao kuuzwa, NetEye 200 ya kampuni ya Axis ya Uswidi, ilitoka mwaka 1996, na haikuweza kutoa video, ila picha moja moja. Leo kamera ni kompyuta kamili yenye jicho, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilivamia kamera na rekoda nyingi sana duniani kwa kujaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, maana wenye vifaa hawakuwahi kuzibadilisha. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuilemea kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa za Marekani zikatoweka kwa saa kadhaa. Kamera ya ghalani inaweza kuwa mwanajeshi wa vita asivyovijua mwenye ghala.

Kwa hiyo, kabla ya kuipandisha ukutani, iwashe mezani. Ipe nenosiri refu ambalo halitumiki kwingine. Weka toleo jipya la programu yake. Ipe anwani ya kudumu ndani ya mtandao wa nyumbani, mfano 192.168.1.51, ili rekoda isiipoteze umeme ukikatika na kurudi. Usifungue milango ya ruta ili uione ukiwa mbali. Tumia VPN, yaani njia iliyofungwa kwa siri hadi ndani ya mtandao wako, au programu ya mtengenezaji ukijua kwamba picha zako zitapitia mitambo yake.

Halafu weka saa. Rwanda, kama Goma, iko saa mbili mbele ya saa za dunia. Uganda, Kenya na Tanzania ziko tatu. Kamera nyingi zilizotengenezwa China hufika zikiwa kwenye saa za Beijing, saa sita mbele ya Kigali. Tukio la saa mbili usiku huandikwa kwenye picha 02:00. Mtu aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili au Kinyarwanda anaiona mbili, anaridhika, na kosa linapita machoni pake. Tarehe, hata hivyo, imekwisha kuruka hadi kesho yake, na mbele ya hakimu video inasema mshtakiwa alikuwa ghalani usiku wa siku nyingine. Angalia tarehe na saa pamoja, kisha iambie rekoda isahihishe saa za kamera zote yenyewe.

Hifadhi ni hesabu tu. Kamera inayotoa megabiti 2 kwa sekunde hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne zinamaliza diski ya terabaiti 1 katika siku 11 na nusu. Kama magunia huhesabiwa mwisho wa mwezi, siku 11 hazikusaidii: nunua terabaiti 3 au 4. Kwenye simu tazama mkondo mdogo wa picha, kwa sababu mkubwa hula megabaiti 900 za intaneti kila saa.

Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, mitetemeko ya siku zilizofuata ilipasua nyumba nyingi Rubavu. Ardhi hii hutikisika. Hifadhi picha ya kile ambacho kila kamera ilikuwa inaona siku ya kwanza, na baada ya kila mtetemeko linganisha. Kamera iliyoinama kidogo huendelea kurekodi bila kulalamika, ikitazama sakafu.

Limebaki jambo la majirani. Sheria ya Rwanda ya Oktoba 2021, namba 058/2021, inalinda data binafsi, na picha ya mtu anayetambulika ni data yake. Kamera nyingi zina uwezo wa kufunika sehemu ya picha kwa kivuli cheusi: funika ua wa jirani, choo cha vibarua, dirisha la ng'ambo. Bandika tangazo mlangoni kwa Kinyarwanda. Vibarua waelezwe video inakaa siku ngapi na nani anaruhusiwa kuitazama, nao waelezwe kabla kamera haijawashwa.

Siku ya makabidhiano, mwenye ghala abadilishe nenosiri kuu kwa mkono wake, fundi akiwa amegeuka. Akaunti ya fundi ifutwe. Akihitajika kurudi, atafunguliwa nyingine ya siku hiyo.