Kijana, kufungua duka la mtandaoni si hoja. Hoja ni kuliendesha

Fikiria hivi. Saa tano usiku, mteja wa Kisumu anaagiza friji kwenye tovuti ya duka. Ombi la M-Pesa linamjia kwenye simu, anaweka nambari ya siri, pesa zinatoka. Lakini ukitazama ndani ya mfumo, oda yake bado imeandikwa "haijalipiwa". Asubuhi anapiga simu akiwa moto kama pasi. Wewe ndiye msimamizi wa duka hilo. Utaanzia wapi?

Hapo ndipo penye kazi, na ndipo mafunzo mengi ya mtandaoni yanakuacha kwenye mataa.

Kuuza viatu vya mitumba kwa WhatsApp ni sawa. Ila kampuni yenye maelfu ya bidhaa, maghala Nairobi na Mombasa, na bei tofauti za jumla na rejareja, inahitaji jukwaa kubwa. Mojawapo ni Magento, lililotoka 2008, likanunuliwa na eBay mnamo 2011, kisha na Adobe mnamo 2018 kwa dola bilioni 1.68. Toleo la kulipia sasa huitwa Adobe Commerce. Lakini lipo la bure, Magento Open Source, unaloweza kupakua leo bila kutoa hata ndururu.

Sasa, bure si rahisi. Jukwaa hili limeandikwa kwa lugha ya PHP, na linataka hifadhidata kama MySQL pamoja na injini ya utafutaji kama OpenSearch. Kipakatalishi kidogo kitahema. Kwa hivyo anza na Linux: zoea kutoa amri kwenye ile skrini nyeusi, kupanga ruhusa za faili na kusoma logi za seva. Ukiruka hatua hii, utakwama siku ya kwanza na udhani huna akili. Akili unazo, ni msingi tu uliokosa.

Likishawaka, usikimbilie rangi na nembo. Elewa kwanza yanayoendelea nyuma ya pazia. Umebadilisha bei na mteja bado anaona ya jana? Hujarogwa. Huenda faharasa haijasasishwa au kache haijasafishwa. Barua pepe za oda haziendi? Angalia cron, ratiba inayofanya kazi za mfumo zijiendeshe zenyewe. Ikilala, duka nalo linasinzia.

Kisha fanya zoezi la stoku. Tengeneza ghala mbili za majaribio, Nairobi na Mombasa, uweke friji tano kila moja, halafu ujiagizie saba. Utaona kiasi kinachoweza kuuzwa kinashuka papo hapo, lakini hesabu ya ghalani haishuki mpaka mzigo utumwe. Asiyejua hili ataanza kurekebisha nambari kwa mkono, na mwisho wake atauza friji ambayo haipo.

Turudi kwa mteja wetu wa Kisumu. Safaricom ina Daraja, mfumo wa kuunganisha programu yako na M-Pesa, wenye uwanja wa majaribio. Ukijaribu, utagundua kuwa majibu huja mara mbili. La kwanza husema tu kwamba ombi limepokelewa. La pili, linalosema kama amelipa au la, hutumwa baadaye kwa anwani ya seva yako. Seva ikiwa imezimika dakika hiyo, au ukuta wake wa usalama ukilizuia, pesa zimeingia lakini duka halina habari. Kwa hivyo usimwambie mteja alipe tena! Soma logi, uliza Daraja hali ya malipo, ndipo urekebishe oda.

Usalama nao si jambo la kuahirisha. Magento 1 iliacha kupewa viraka vya usalama Juni 2020. Duka lisilosasishwa ni mlango wazi kwa wahalifu wanaopachika msimbo kwenye ukurasa wa malipo na kuiba nambari za kadi kimyakimya. Na hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji unaoweza kuwadhuru wenye data. Basi usichukue orodha ya wateja halisi ukaifanyia majaribio nyumbani.

Mwisho, jiharibie mwenyewe. Weka nakala rudufu, futa duka lote, kisha ulirudishe huku ukiangalia saa. Andika kwenye daftari kilichoharibika na jinsi ulivyokitengeneza. Siku ya mahojiano, kila mtu atakuja na picha za tovuti zinazong'aa. Wewe nenda na daftari hilo, na ukiulizwa kuhusu friji ya Kisumu, utakuwa na jibu.