Kumbikumbi Katika Daftari la Darasa la Nne

Katika madaftari mengi ya Kiswahili, Kenya na Tanzania, mhusika wa insha huamka mapema sana. Anarauka alfajiri, ndege wanaimba mitini, upepo unavuma, na kabla ukurasa wa pili haujaisha ameshapatwa na mkasa mkubwa. Wanafunzi hujifunza mianzo hiyo na hupata alama nzuri. Nchini Kenya, hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtahiniwa wa darasa la nane alipewa dakika 40 za kuandika insha yenye alama 40, na mara nyingi alichotakiwa kutoa ni kisa.

Mtoto huyohuyo akiambiwa aeleze jinsi mchwa wanavyoishi, au jinsi mama yake anavyokausha dagaa, kalamu husita. Tatizo si kutojua: jana jioni alikuwa akimweleza mdogo wake mambo hayohayo bila kupumua. Ila hajafundishwa kwamba maarifa yake yanaweza kukaa kwenye karatasi bila kugeuzwa hadithi.

Upungufu huu haupo Afrika Mashariki peke yake. Mwaka 2000 mtafiti Nell Duke alichapisha utafiti alioufanya katika vyumba 20 vya darasa la kwanza mjini Boston na maeneo ya jirani, nchini Marekani. Aligundua kwamba maandishi ya taarifa, yaani yale yanayoeleza wanyama, mimea, kazi za watu na namna vitu vinavyofanya kazi, yalipewa wastani wa dakika 3.6 tu kwa siku. Katika shule za watoto wa familia maskini muda ulikuwa mfupi zaidi. Walimu wengi waliamini kwamba mtoto mdogo anaelewa hadithi tu, na mengine yasubiri akue. Lakini tangu mwaka 1993 Christine Pappas alikuwa ameonyesha kwamba watoto wa chekechea waliosomewa vitabu vya maelezo waliweza kuvirudia kwa maneno yao vizuri kama walivyorudia hadithi.

Basi mwalimu aanzie wapi? Mchwa wanafaa sana, kwa sababu kichuguu hakikosekani karibu na shule nyingi, na hakuna mtoto wa kijijini asiyewahi kukimbilia kumbikumbi baada ya mvua za kwanza. Mwaka 1986 Donna Ogle alipendekeza jedwali la safu tatu ambalo sasa linatumika sehemu nyingi duniani: tunayoyajua, tunayotaka kuyajua, tuliyojifunza. Safu ya kwanza hujaa upesi. Kumbikumbi wana mabawa, huifuata taa, hukaangwa, huliwa. Uyoga mtamu huota kwenye kichuguu. Ya pili ndiyo inayoamsha darasa: Kwa nini mabawa huanguka? Nani huwalisha mchwa askari? Uyoga unatoka wapi?

Majibu yapo, na ni ya kusisimua kuliko visa vingi vya kubuni. Kumbikumbi ni mchwa walioota mabawa ili watoke kutafuta wenza. Wakishatua mabawa hudondoka, kisha dume na jike huchimba ardhi na kuanzisha koloni jipya. Malkia wa mchwa wajengao vichuguu vikubwa hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mchwa hao hulima kuvu ndani ya kichuguu kwa kutumia mabaki ya mimea, na kuvu hilo ndilo huchomoza juu kama uyoga. Na mchwa, ingawa wengi humdhania ndugu wa siafu, ni jamaa wa mende.

Hapa ndipo walimu wengi hukosea hatua. Wakishaeleza, huandika kichwa ubaoni na kusema, "Haya, andikeni." Kundi la wanaisimu wa Sydney, Australia, wakiwemo Jim Martin na Joan Rothery, waliligundua pengo hilo katika miaka ya 1980 walipochunguza kazi za wanafunzi wa shule za msingi: watoto waliandika zaidi visa na mambo yaliyowapata, na walioumia zaidi ni wale ambao nyumbani hawakuwa na vitabu. Njia waliyoijenga ina hatua tatu. Kwanza darasa linasoma makala nzuri na kuichambua ilivyopangwa. Pili, mwalimu na wanafunzi wanaandika pamoja makala moja ubaoni, watoto wakitoa sentensi, mwalimu akiuliza, akifuta, akipanga upya mbele ya macho yao. Ndipo kila mmoja anaandika yake. Hatua ya pili ndiyo moyo wa kazi yote, na ndiyo inayorukwa kila kipindi kinapokaribia kwisha.

Ubaoni hapo Kiswahili chenyewe humsaidia mwalimu. Hadithi hutembea kwa -li- na -ka-: alitoka, akamwona, akakimbia. Maelezo hutembea kwa hu-: mchwa huishi, hujenga, hulisha. Mtoto akiandika "Kumbikumbi aliruka akaangukia kwenye taa", mwalimu anaweza kumuuliza kama anamsema yule mmoja wa jana au kumbikumbi wote. Swali moja hilo humvusha kutoka kwenye kisa hadi kwenye maelezo, bila kumkaririsha sheria yoyote. Viungo navyo vina kazi yake: "kwa sababu", "ndiyo maana", "ilhali". Bila hivyo ukurasa hubaki orodha ya mambo ya kweli yasiyoshikana.

Hata hivyo, mbinu za lugha pekee hazitoshi. Mwaka 2007 Victoria Purcell-Gates, Nell Duke na Joseph Martineau walichapisha utafiti uliofuatilia watoto wa darasa la pili na la tatu nchini Marekani waliokuwa wakisoma na kuandika maandishi ya sayansi. Waliopiga hatua zaidi ni wale ambao kazi zao zilikuwa na msomaji wa kweli na sababu ya kweli. Kufundishwa waziwazi sifa za aina ya maandishi hakukuleta tofauti kubwa kama wengi walivyotarajia. Matokeo hayo hayafuti kazi ya Sydney, lakini yanamkumbusha mwalimu amtafute msomaji kabla ya kutafuta kanuni. Darasa la nne liandikie darasa la kwanza namna ya kunawa mikono. Liandikie wazazi, kwa ajili ya siku ya mkutano, kuhusu miti iliyopandwa shuleni na faida ya kila mmoja.

Kunakili ni kikwazo kingine. Mtoto aliyepewa kitabu cha sayansi atahamisha aya nzima hadi daftarini, na ukurasa utakuwa safi usio na kosa hata moja. Dawa yake ni rahisi: asome, afunge kitabu, amsimulie jirani yake wa dawati, kisha ndipo aandike. Michoro ihesabiwe kuwa sehemu ya maandishi. Mchoro wa kichuguu wenye majina ya sehemu zake unaonyesha kama mtoto ameelewa.

Wanaosema Kiswahili ni lugha ya hadithi na mashairi zaidi wamesahau historia yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi aliyeishi Bagamoyo na baadaye kufundisha Kiswahili Berlin, alieleza kwa nathari kavu na makini desturi za Waswahili, kutoka uzazi hadi mazishi, katika kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903. Na kwa kuwa shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania hufundisha sayansi kwa Kiswahili, kisha sekondari hugeukia Kiingereza, miaka hiyo ya mwanzo ni nafasi ya thamani ya mtoto kuandika anachokijua kwa lugha anayoimudu.

Darasa likiwa na wanafunzi wengi, mwalimu hawezi kusahihisha makala ya kila mmoja kila wiki. Kundi la watoto sita linaweza kuandika karatasi moja ya manila, kila mmoja akibeba kifungu chake: chakula, makazi, maadui, uzazi. Usahihishaji wa kwanza uulize kama msomaji ameelewa na kama yaliyoandikwa ni kweli. Tahajia ifuate baadaye. Karatasi hizo zikishonwa pamoja huwa kitabu cha kusomwa na madarasa ya chini, mahali ambapo vitabu vya maelezo kwa Kiswahili cha watoto bado ni vichache.