Shahada, Usajili na Leseni ya Daktari wa Meno

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa hati za taaluma ni yale yanayohusu ruhusa ya kuanza kazi. Katika makala haya tumechagua mfano wa daktari mpya wa meno, kwa kuwa masharti yanayomkabili hutofautiana sana baina ya mamlaka moja na nyingine, na kosa dogo la neno laweza kumtia hatiani yeye na kumdhuru mgonjwa wake.

Yafaa kwanza tupambanue mambo matatu. *Shahada* hutolewa na chuo, nayo hushuhudia kwamba mtu amesoma na kufaulu. *Usajili* ni kitendo cha baraza la taaluma kuliingiza jina la mtu huyo katika daftari lililowekwa kwa mujibu wa sheria. *Leseni* ni ruhusa ya kufanya kazi, nayo aghalabu ina tarehe ya kwisha. Katika mazungumzo ya kawaida watu husema tu kwamba fulani “ana cheti”, na maana ikaeleweka. Katika hati ya sheria haitoshi, maana shahada, usajili na leseni vyote huweza kuthibitishwa kwa cheti.

Tutazame Uingereza. Sheria ya mwaka 1878 ilianzisha daftari la madaktari wa meno, lakini ni ile ya mwaka 1921 iliyowazuia wasioandikwa humo wasianze kazi hiyo. Tangu mwaka 1956 daftari limo mikononi mwa Baraza Kuu la Madaktari wa Meno. Huko, aliyehitimu katika chuo cha nchini huomba usajili bila ya kufanya mtihani mwingine wa taifa, na usajili huo ndio ruhusa yenyewe. Hapewi leseni nyingine ya kutibu. Mfasiri anayeandika kwamba daktari huyo “amepata usajili na sasa anasubiri leseni” amebuni hatua isiyokuwapo.

Nchini Marekani mambo ni kinyume. Alabama ilitunga sheria ya kusimamia kazi hii mwaka 1841, na hadi leo kila jimbo lina sheria na bodi yake. Mhitimu hutakiwa kuwa na shahada, kwa kawaida ya chuo chenye ithibati, kisha afaulu mtihani wa kitaifa wa maandishi. Majimbo mengi humtaka pia afanye mtihani wa vitendo. New York, kwa upande wake, iliuondoa mtihani huo, na tangu mwaka 2007 humtaka mhitimu amalize mafunzo ya kazini yasiyopungua mwaka mmoja. Neno lenye uzito huko ni leseni, na leseni ya jimbo moja haivuki mpaka kwa nguvu zake yenyewe. Daktari wa New Jersey akivuka mto Hudson kwenda kutibu New York, hana budi kuwa na leseni ya New York.

Msomaji asidhani kwamba jambo hilo ni la ng'ambo tu. Afya si jambo la Muungano. Hivyo Tanzania Bara ina sheria yake ya mwaka 2017 na Baraza lake la Madaktari, na Zanzibar nayo ina baraza lake. Anayepanda boti Dar es Salaam kwenda kufanya kazi Unguja huingia katika mamlaka nyingine. Nchini Kenya nako usajili na leseni ni vitu viwili: baada ya kusajiliwa, daktari huhitaji leseni ya kufanya kazi, ambayo huhuishwa kila mwaka. Kwa hiyo jina lake laweza kuwamo katika daftari ilhali hana ruhusa ya kutibu mwaka huo.

Lipo tatizo jingine linalohitaji uamuzi. Mhitimu wa Muhimbili, baada ya masomo ya miaka mitano, hufanya utarajali wa miezi 12 chini ya usimamizi kabla ya kupata usajili kamili. Usajili wa kipindi hicho huitwa “wa muda”. Lakini usajili wa mgeni anayekuja kufanya kazi kwa kipindi maalumu nao huitwa “wa muda”. Wa kwanza ni mwanafunzi wa jana asiyeruhusiwa kujitegemea. Wa pili aweza kuwa bingwa wa miaka 20. Tunapendekeza usajili wa mtarajali uitwe *usajili wa matazamio*, kama tunavyosema kipindi cha matazamio kwa mwajiriwa mpya, na *usajili wa muda* ubaki kwa mgeni.

Kwa kumalizia, tungependa mfasiri ajiulize maswali matatu kabla ya kuchagua neno: ni nani anayetoa, anatoa ruhusa ya kufanya nini, na ruhusa hiyo inakwisha lini? Majibu ndiyo yatakayomwonyesha istilahi, wala si sura ya neno la kigeni lililo mbele yake. Mgonjwa aliyekwisha kufungua kinywa hana nafasi ya kuuliza cheti kilichotundikwa ukutani ni cha namna gani. Ni wajibu wetu cheti hicho kijieleze chenyewe.