Sunny wa Aba na uchawi unaosomewa

Kitabu cha pili ndicho kinachompima mwandishi wa hadithi za uchawi. Katika cha kwanza, binti anagundua kwamba ana nguvu asizozijua, na msomaji anashangaa pamoja naye. Cha pili hakina mshangao huo. Shujaa akizidishiwa nguvu tu, kila adui atakuwa sisimizi mbele yake, na msomaji atasinzia.

Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani aliyezaliwa na wazazi Waigbo kutoka Nigeria, aliukabili mtihani huo katika Akata Warrior, riwaya iliyotoka mwaka 2017, miaka 6 baada ya Akata Witch. Njia aliyoichagua ni kumpokonya shujaa wake kile alichokuwa ameanza kukitegemea.

Shujaa huyo ni Sunny Nwazue, binti mwenye ualbino aliyezaliwa New York na anayeishi Aba, kusini-mashariki mwa Nigeria. Katika kitabu cha kwanza anatambua kuwa ni miongoni mwa Watu wa Chui, jamii ya siri yenye uchawi, na pamoja na wenzake Orlu, Chichi na Sasha anamshinda mtu anayeteka na kuua watoto. Cha pili kinamkuta akiwa na miaka 13: amerefuka, anacheza kandanda, na bado ni mwanafunzi.

Neno “mwanafunzi” ndilo lenye uzito hapa. Miongoni mwa Watu wa Chui, fedha haipatikani kwa biashara wala urithi. Mtu akijifunza jambo, vipande vya chuma viitwavyo chittim vinamdondokea, na vya shaba nyekundu vina thamani zaidi kuliko vya dhahabu. Sunny anasoma kitabu kilichoandikwa kwa nsibidi, alama za kale za kusini-mashariki mwa Nigeria, na kila ukurasa unamnyonya nguvu za mwili. Anapotumia juju, yaani uchawi wao, mbele ya watu wasiojua siri ili kumlipizia kisasi kaka yake, aliyepigwa na genge la chuo kikuu, mwalimu wake hamsifu kwa ushujaa. Anamfungia katika ghala la chini la maktaba, lenye jini. Baadaye pepo Ekwensu anamtenganisha na Anyanwu, roho iliyo nusu ya nafsi yake. Binti anayepaswa kuokoa ulimwengu anabaki hajui hata kama yeye bado ni yeye.

Haya yote hayatokei katika ngome za Ulaya. Chini ya Lagos anaishi Udide, buibui mkubwa kama nyumba, msimulizi wa hadithi, na kumfikia ni lazima kwanza upite kwenye purukushani za jiji hilo. Safari ya kwenda Osisi, mji uliopo kati ya walio hai na mizimu, inafanywa juu ya mgongo wa ndezi anayeruka.

Msomaji wa Tanzania, hata hivyo, hawezi kumsoma Sunny kwa utulivu wote. Imani kwamba viungo vya watu wenye ualbino huleta utajiri imeua ndugu zetu, watoto wakiwamo. Je, hadithi hii haiupalilii moto huo? Naona haifanyi hivyo. Kipawa cha Sunny hakiwezi kuchumwa na mwingine, na anayewakata watoto kwa ajili ya kafara ndiye adui wa kitabu cha kwanza. Tena si Sunny peke yake ambaye kinachoonekana kuwa kasoro kwake kinaambatana na kipawa: Orlu, anayehangaika kusoma, ndiye fundi wa kutegua juju mbaya.

Kasoro ninayoiona mimi ni nyingine. Baada ya kuingizwa katika uchawi, jua haliiunguzi tena ngozi ya Sunny. Mtoto mwenye ualbino wa Mwanza au Shinyanga hana njia hiyo ya mkato. Anahitaji kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua, kwa sababu saratani ya ngozi inamwinda kila siku. Hapo mwandishi alijirahisishia kazi.

Riwaya hii ilishinda tuzo za Locus na Lodestar mwaka 2018, na Akata Woman ikafuata mwaka 2022. Tuzo hizo Akata Warrior ilizistahili. Mpe kijana wako, lakini aanze na kitabu cha kwanza, kisha mzungumze kuhusu jua.