Simba mdogo aliyebebeshwa kifo cha baba yake

Watoto wetu wengi wanaijua filme ya katuni ya Simba, ile tunayoiita huku Le Roi Lion. Ilitoka Marekani mwaka 1994, na mpaka leo inapita kwenye nyumba za video na kwenye simu za kaka zao. Lakini wachache kati yetu wanajua kwamba iligeuzwa kuwa mchezo wa jukwaani, wenye nyimbo na ngoma, unaochezwa na watu wenyewe. Ulifunguliwa New York Novemba 1997, ukafika London 1999 na Johannesburg 2007. Zaidi ya watu milioni 100 wamekwisha kuuona.

Dada mmoja wa kundi letu, mzaliwa wa Masisi, anaishi London, na majuzi alikwenda kuutazama. Alitutumia sauti kwa WhatsApp, ndefu kama mahubiri ya Pasaka, tukaisikiliza tukichambua maharage.

Anasema hakuna mchezaji anayejificha. Twiga ni mtu aliyepanda juu ya miti minne, miwili ya miguu na miwili ya mikono. Mufasa, mfalme, anavaa sura ya simba juu ya kichwa, na chini yake unaona uso wa mtu. Nyasi za mbuga ni watu waliobeba nyasi kichwani, wanatembea wakiimba. Ukame ukiingia, maji ni kitambaa cha buluu kinachovutwa polepole ndani ya tundu mpaka kinakwisha. Simba wa kike wakilia, wanavuta utepe mrefu kutoka machoni. Vitambaa, miti, kamba na nyasi: vitu ambavyo hata huku havikosi!

Aliyeongoza mchezo na kubuni mavazi ni mwanamke, Julie Taymor. Mwaka 1998 alipata tuzo ya Tony, mwanamke wa kwanza kuipata kwa kuongoza mchezo wa nyimbo. Ndiye pia aliyemgeuza Rafiki, nyani mzee wa filme, kuwa mama. Sehemu kubwa ya nyimbo za Kiafrika zilitoka kwa Lebo M., mtoto wa Soweto aliyeishi uhamishoni wakati wa ubaguzi.

Pale ambapo Nala anaondoka, sauti ya dada yetu ilikatika kidogo. Nchi imeingia njaa, mfalme mwovu Scar anataka kumfanya mke wake, msichana anakataa. Wamama wanamwimbia na kumbariki, naye anashika njia peke yake. «Niliona barabara ya Sake,» alisema, kisha akazungumza mambo mengine.

Sisi walimu tulibaki na jambo lingine. Scar anamwua kaka yake Mufasa, halafu anamgeukia mtoto na kumwambia kwamba ni yeye aliyemletea baba kifo. Kimbia, usirudi tena. Na mtoto anaamini.

Katika madarasa yetu wako watoto wa namna hiyo, na wengine hawakuambiwa na mtu yeyote. Mmoja, hatutaji jina wala kijiji, anaamini baba yake alikufa juu yeye alichelewa kuvaa viatu usiku ule wa kukimbia. Alilibeba neno hilo miaka miwili bila kusema. Mkubwa asipoeleza jambo, mtoto anajitafutia maelezo, na mara nyingi anajiweka mwenyewe katikati ya kosa.

Timon na Pumbaa wanamwokota Simba na kumfundisha hakuna matata. Hatuwadharau: walimlisha, walimchekesha, akakua. Mtoto aliyetoka katika vita anahitaji kwanza kula na kucheza. (Wageni wanaliimba neno matata kama sukari, huku tunajua uzito wake.) Lakini usiku Simba bado anabeba mzigo wake. Unashuka siku Scar mwenyewe anapokiri kwamba ni yeye aliyeua.

Watoto wetu hawatapata mwuaji wa kuwakiria. Watatupata sisi. Kwa hiyo, mama, mtoto akianza kuuliza juu ya siku ile, usimnyamazishe. Mwambie yaliyotokea kwa maneno mafupi, yanayolingana na umri wake, na umwambie wazi: si wewe. Umwambie tena kesho, juu mara moja haitoshi.

Wazee wa Walikale wataturudi: mbona mnakwenda mpaka New York? Wana haki. Wanyanga wana Mwindo, mtoto ambaye baba yake Shemwindo hakutaka azaliwe mvulana, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwaka 1956 mzee Shekarisi Rureke aliimba, alicheza na kuigiza habari hiyo siku 12, nao Biebuyck na Mateene wakaiandika. Mwindo anamfuata baba mpaka chini ya ardhi, anamrudisha kijijini, na mbele ya watu wote Shemwindo anakubali kosa lake. Shangazi Iyangura naye anamkemea hadharani. Kwa maoni yetu Mwindo anampita Simba: alimsamehe baba yake.

Siku ya posho ijayo, baada ya mkutano wa likilimba, tutajaribu na watoto kipande kimoja tu cha Simba, pale kweli inaposemwa. Leteni vikwembe vilivyochakaa, matete, kartoni na gundi. Mtoto asilazimishwe kuigiza yaliyompata mwenyewe. Asiyetaka kusema anaweza kubeba nyasi. Mama atakayeigiza Rafiki bado hajapatikana, na tunahitaji mwenye sauti kubwa. Yule kijana wa viatu ameomba kupiga ngoma.